Msituite inboksi

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji mmoja aliyechoshwa na vijana wa teknolojia. Alisema wanakesha mitandaoni wakibishana, kila mmoja mjuaji, na hakuna wanachozalisha. Na kwamba siku hizi mwenye shida anaiuliza akili bandia, jibu linakuja kabla chai haijapoa. Niliisoma barua hiyo nikiwa na pasi ya kuchomea mkononi. Ikabidi niiweke chini, maana fundi mwenye hasira huunguza bodi ya mtu.

Mimi natengeneza simu, kompyuta na printa hapa Ngamiani, Tanga. Huu ni mwaka wa 19 nipo kwenye kibanda kilekile, na cheti nilicho nacho ni cha darasa la saba. Ufundi nilifunzwa mara mbili. Kwanza na mjomba wangu, fundi redio asiyependa kuulizwa maswali. Kisha na watu nisiowajua hata sura, waliokuwa wakibishana mtandaoni nami nikiwasoma kimyakimya, nikilipia nusu saa nusu saa kwenye intaneti kafe. Mtu akisema mabishano yale ni kazi bure, naona kama amemtukana mwalimu wangu mbele yangu.

Nimkubalie kwanza anachostahili kukubaliwa. Yapo mabishano ya kipuuzi. Ule ubishi wa iPhone na Android unaanza Ijumaa jioni, hadi Jumapili watu hawasalimiani, na nusu yao simu zenyewe hawana. Huo siutetei.

Lakini nimsimulie kisa cha printa.

Mwaka 2017 dada mmoja mwenye steshenari aliniletea printa yake, ya zile za matangi ya wino. Taa mbili zilikuwa zinapokezana kuwaka, huku kompyuta ikimwambia kwamba kuna kifaa ndani ya mashine kimefikia mwisho wake. Alikuwa ameshazunguka nayo kwingine, wakamwambia haitengenezeki, anunue mpya. Alikuwa bado analipa mkopo wa hiyohiyo.

Wasiojua mashine hizi niwaeleze kidogo. Kila inaposafisha kichwa chake, printa hutema wino, na wino huo hunywewa na sponji iliyolala chini tumboni. Mashine haina jicho la kuitazama hiyo sponji. Inachofanya ni kuhesabu: nimesafisha mara kadhaa, basi sponji itakuwa imejaa. Hesabu ikifika kikomo inajifunga, haichapishi hata nukta, ili wino usije ukafurika. Sisi mafundi wa hapa sponji hiyo tunaiita pampasi. Sijui aliyeanza ni nani, lakini jina hilo halihitaji maelezo.

Wakati ule nilikuwa sijui lolote kati ya haya. Nikaingia mtandaoni, Kiingereza changu cha kuokoteza na kamusi pembeni, nikakuta watu wanalijadili tatizo lilelile. Jibu la kwanza lilikuwa fupi na safi: pakua programu hii, irudishe hesabu kwenye sifuri, mashine itaamka. Chini yake watu wamepanga foleni kushukuru. Nikafanya hivyo. Mashine ikaamka. Dada akanilipa Sh 25,000, na siku hiyo nyumbani kwangu tulikula pweza.

Baada ya miezi mitano simu ikalia.

"Fundi, njoo uone ulichonifanyia."

"Kuna nini tena, dada?"

"We njoo tu."

Nilipofika nilikuta wino umetoka chini ya printa, umetambaa mezani, umeshuka kwenye rafu, umetua juu ya mitihani ya majaribio ya shule moja iliyokuwa imeshapigwa chapa na kubanwa pini. Rangi yake haikuwa nyeusi wala bluu. Ilikuwa ile rangi ya rangi zote zikichanganyika, kama maji ya kuoshea brashi. Karatasi za juu zilikuwa zimelowa hadi zimeshikana. Yule dada hakupiga kelele. Alininyooshea tu lile bunda la mitihani, nami nikalipokea kama mtu anayekabidhiwa maiti. Rimu mbili nilinunua mimi, wino nilinunua mimi, na usiku ule nililala steshenari nikichapisha upya.

Asubuhi nilirudi kwenye mjadala ule, safari hii nikausoma hadi mwisho. Hapo ndipo nilipoona aibu. Jibu la kumi na ngapi huko chini, mtu mmoja alikuwa ameandika maneno yenye maana hii: hesabu mmeifuta, lakini sponji bado imejaa. Aliyetoa jibu la kwanza akamjia juu, kwamba kwake inafanya kazi mwaka mzima. Wa tatu akamuuliza yule wa kwanza: kwa siku unachapisha kurasa ngapi? Akajibu kumi. Wa tatu akasema yeye anachapisha mia tatu. Wa nne akaeleza jinsi ya kuitoa sponji, kuiosha kwa maji ya vuguvugu na kuianika. Wa tano akasema kwao ni pwani, hewa ina unyevu, sponji haikauki upesi. Yeye amechomoa mpira mwembamba unaopeleka wino kwenye sponji, akautoa nje nyuma ya mashine, akautia kwenye chupa, na chupa lazima ikae chini kuliko printa, la sivyo wino hautashuka.

Pwani! Mtu sijui wa nchi gani alikuwa ameandika habari za Tanga bila kuijua Tanga.

Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji wenu. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, na jibu halikuwa na uongo ndani yake. Lilikuwa la mtu wa kurasa kumi kwa siku. Nilichokikosa ni yale mabishano ya chini, niliyoyaona marefu nikayaruka. Swali moja tu la "unachapisha ngapi?" lingeniokolea rimu mbili na usingizi.

Na hiyo akili bandia anayoisifia, mimi sina ugomvi nayo. Inaniandikia hata ankara. Mwezi uliopita nikaijaribu kwa makusudi. Nikaiuliza kwa Kiswahili: printa ya matangi, taa mbili zinapokezana, tatizo nini? Ikanijibu kwa adabu kubwa nibadilishe katriji. Printa ile haina katriji, vile vikopo vya wino vya kuchomeka. Nikaibishia, ikaniomba radhi, ikasema niko sahihi, ikanipa jibu jingine la katriji.

Mashine hizi za akili bandia zimefunzwa kwa maandishi ya watu, yakiwemo hayohayo mabishano anayoyabeza. Stack Overflow, mahali ambapo waandishi wa programu wamekuwa wakiulizana tangu 2008, walipiga marufuku majibu ya ChatGPT, mojawapo ya hizo akili bandia, Desemba 2022, siku chache tu baada ya chombo hicho kutolewa kwa umma. Sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba majibu yake yanapendeza kusoma lakini mengi mno si sahihi. Mimi ningeongeza: hayana mtu wa chini yake wa kusema "kwangu haikukubali".

Tena intaneti yenyewe ni mtoto wa mabishano. Aprili 7, 1969, kijana aitwaye Steve Crocker, mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA kule California, aliandika waraka wa kwanza wa jinsi kompyuta za mbali zitakavyozungumza. Aliuandika usiku akiwa bafuni, kwa kuwa alikuwa mgeni kwa marafiki na hakutaka kuwaamsha. Waraka huo hakuuita amri wala kanuni. Aliuita ombi la maoni. Wenzake walikuwa vijana, hakuna aliyewapa mamlaka, waliogopa kuonekana wanajitia ukubwa. Nyaraka za mfululizo huo sasa zimepita 9,000, na bado zinaitwa jina lilelile la unyenyekevu, ingawa nyingine dunia nzima inazifuata. Hata barua hii nikiituma kwenu kwa barua pepe, itakuwa imepita juu ya makubaliano ya watu walioombana maoni.

Mfano wa pili uko mezani kwangu kila siku. Agosti 25, 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, aliwaandikia watu wa kundi la mtandaoni lililokuwa likijadili mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Minix. Akawaambia anatengeneza mfumo wake, ni wa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa, na angependa kujua watu wanapenda nini na hawapendi nini. Januari 1992 profesa Andrew Tanenbaum, aliyeitunga Minix yenyewe, akaandika hapohapo hadharani kwamba Linux, mfumo huo wa kijana, ni kitu kilichopitwa na wakati. Kijana akamjibu kwa ukali, kisha akaomba radhi kwa ulimi wake. Wengine wakaingia, huyu upande huu, yule upande ule, na kila hoja ikabaki pale hadi leo kwa anayetaka kuisoma. Mzizi wa Linux ndio uliomo ndani ya kila simu ya Android. Simu tano zilizo mbele yangu ninapoandika, moja ya kioo kilichopasuka, mbili za chaji, moja iliyoingia maji ya bahari na moja ambayo mwenyewe hajarudi tangu Ramadhani, zote zina damu ya mjadala ule.

Sisemi ukali ni mzuri. Torvalds huyohuyo, Septemba 2018, aliomba radhi hadharani kwa miaka mingi ya kuwatukana wenzake, akakaa pembeni kwa muda. Naijua gharama ya matusi, na hapa nitoke Helsinki nirudi Ngamiani.

Nina msichana ninayemfundisha kazi. Mwaka jana alikwama kwenye simu: ukiichomeka inaonyesha inachaji, lakini asilimia hazipandi. Akaandika kwenye kundi letu la mafundi swali ambalo mimi mwenyewe nisingeliandika vizuri vile. Betri ameipima nje ya simu, ina volti 3.9. Waya wa chaji amebadilisha, tundu la chaji amebadilisha. Umeme unaoingia hauzidi 0.1 ampea. Simu ilitoka kwa mvuvi. Majibu yalivyokuja: wa kwanza, vikatuni vya kucheka. Wa pili, "badilisha system chaji." Wa tatu, "dada, hii kazi ngumu, ungeuza hata vocha." Wa nne, "njoo inboksi nikupe dawa." Akalifuta swali. Nikamwona anafunga droo ya zana taratibu, kama mtu anayefikiria kutoifungua tena.

Nikamwambia aliandike upya, mahali pengine, penye mafundi wa Mombasa na Dar pamoja. Alisita siku mbili. Alipoliandika, mzee mmoja wa Mombasa akajibu: "Mwanangu, hujanambia jambo moja. Ile miguu ya betri umeitazama kwa lenzi?" Basi. Hakutoa dawa, aliuliza swali. Kisha akaeleza: katika miguu ile, vile vichuma ambapo betri inagusana na simu, upo unaoipa simu habari ya joto la betri. Ukiota kutu simu inapata habari za uongo, inadhani betri inaungua au imeganda, inakataa kuijaza ili isiiharibu. Msichana akaweka lenzi. Mguu wa kati ulikuwa na ukungu wa kijani, mwembamba kama ule wa sarafu ya zamani. Akausugua kwa brashi ya meno na spiriti, akakausha, akachomeka. Asilimia 31. Tukasubiri. 32.

Kisha akafanya kitu nilichokuwa nimemsisitizia: akarudi kuandika ilivyoisha, na picha ya mguu kabla na baada. Tangu siku ile nimeona mafundi wawili wa sehemu nyingine wakishukuru chini yake, mmoja wa Bukoba, ambaye nadhani bahari ameiona kwenye picha. Maji yake yalikuwa ya ziwa.

Sasa niyaseme ya kwetu, maana nisije nikaonekana namwandama msomaji mmoja huku wenzangu nawaficha. Sisi mafundi wa Kiswahili tunaiua elimu yetu kwa maneno mawili: njoo inboksi. Naelewa chanzo chake, ni njaa. Aliyegundua namna ya kuifungua simu fulani anaiuza kwa fundi mwenzake Sh 5,000, na nisijifanye mtakatifu, nimeshauza. Lakini jibu lililotolewa inboksi hakuna anayelipinga. Likiwa na kosa, kosa hilo linauzwa kwa watu ishirini, na kila mmoja anaharibu simu yake peke yake akidhani mkono wake ndio mbaya.

Halafu tumejifungia WhatsApp. Kundi la kwanza nililoingia lilijaa watu 256, ndio ulikuwa mwisho wakati ule, wengine wakabaki mlangoni. Anayeingia leo kwa kawaida haoni yaliyosemwa jana, kwa hiyo anauliza lililokwisha kujibiwa mara arobaini, na wakongwe wanamtukana kwa kosa ambalo si lake. Majibu yenyewe ni sauti za dakika sita, mtu anaongea huku pikipiki zinapita. Utaitafutaje sauti baada ya miaka miwili? Simu yangu iliibwa stendi mwaka 2021, na miaka mitatu ya maswali na majibu ikaondoka nayo mfukoni mwa mwizi ambaye nina hakika hakuyasoma.

Wapo pia hawa wa "imekubali". Mtu anakuja na shida, watu saba wanamshughulikia, huyu anamwambia apime hapa, yule anamwambia aunguze pale, mwishowe anaandika: "Imekubali wakuu, asanteni." Anatoweka. Imekubali kwa dawa ya nani? Alipima wapi? Mimi huwa nawafuata mmoja mmoja kuwauliza, na nimeshaambiwa mara mbili kwamba nina wivu.

Kuna wanaosema Kiswahili hakitoshi kwa mambo haya. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na kazi hiyo ilibidi waanze kwa kukubaliana maneno, moja baada ya jingine. Mengine yameshika, mengine yamekufa. Wakenya wanasema tarakilishi, sisi kompyuta, na fundi wa Mombasa na wa Tanga wanaelewana bila mkalimani. Maneno hupatikana watu wanapohitaji kuelezana kitu. Pampasi haikutoka chuo chochote.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki unatuletea simu mpya, kamera ya megapikseli ngapi, bei ngapi Ulaya. Tupeni robo ya ukurasa. Wekeni swali moja la fundi au la mwenye simu, kwa vipimo vyake. Wiki inayofuata wekeni majibu mawili yanayopingana, msituchagulie. Wiki ya tatu mwenye swali aseme ilivyoisha, na kama haikukubali aseme haikukubali. Swali la kwanza naweza kulileta mwenyewe: ninayo kompyuta mpakato inayozimika kila inapofika dakika ya 40, si 39 wala 41, feni nzima, joto la kawaida, na mpaka leo imenishinda.

Na kama msomaji wenu yule anaishi Tanga, namkaribisha kibandani, kahawa juu yangu, tubishane. Ila asije Jumamosi asubuhi. Jumamosi huwa napita kwa yule dada wa steshenari. Printa yake bado inachapisha; ina mpira mwembamba umetokeza nyuma, unashuka hadi kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyo chini ya meza, na mimi ndiye wa kwenda kuimwaga.

Fundi wa simu na kompyuta,
Ngamiani, Tanga